Ukurasa wa Kumi na Saba

Mimi si mwanahisabati, na naomba hilo lieleweke mapema, mtu asije akaniuliza maswali. Mimi ni karani wa Jarida, mwaka wa kumi na tisa huu. Jarida letu ni la hisabati tupu, ile isiyojenga daraja wala kurusha ndege, lakini wanaoijua hisabati hiyo, popote walipo, wakisikia Jarida limetajwa wanakaa vizuri kwenye viti vyao. Linatoka mara mbili kwa mwaka, makala sita kila toleo. Makala tunazoletewa kwa mwaka ni kama elfu moja na mia mbili. Ngapi zinarudi kwa wenyewe na barua ya pole, piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshasema si kazi yangu.

Ofisi ni vyumba vitatu ghorofa ya nne, na lifti inayofika ya tatu halafu inajishauri. Chumba kikubwa ni cha mikutano, chenye ubao mweusi ukuta mzima, maana wahariri wetu hawaamini uthibitisho wowote ambao haujasimama ubaoni na kuhojiwa.

Tuna desturi moja ambayo hatuichezei. Wahariri hawaruhusiwi kujua makala ni ya nani mpaka wameipigia kura. Ajuaye ni mimi peke yangu. Makala ikifika naipitisha kwenye mashine ya fotokopi, kisha zile nakala nazikata kichwa, yaani naondoa ule ukanda wa juu wenye jina la mwandishi na namba ya ukurasa, halafu naandika namba upya kwa penseli. Karatasi za mwandishi zenyewe nazifungia kwenye kabati la chuma. Jina likitajwa kabla ya kura, makala inatupwa, hata kama imeandikwa na malaika.

Sasa, makala namba arobaini na moja ilikuwa ya mdogo wangu, tumbo moja.

Sheria haikusema lolote kuhusu ndugu wa karani, kwa sababu karani hapigi kura. Niliisoma sheria ile mara tatu, na mara ya nne nikaisoma kwa sauti. Hakuna kitu. Basi nikaipokea, nikaiandika kwenye rejista kama nyingine zote: kurasa sitini na mbili.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari. Ana vipindi ishirini na sita kwa wiki, na madaftari ya kusahihisha yanayofika kifuani. Kwa miaka tisa alikuwa akipambana na swali moja la namba tasa. Aliwahi kunieleza kwa vifuniko vya soda: kuna idadi unazoweza kuzipanga mistari mitatu sawa, au minne, na kuna nyingine zinakataa katakata, zinakubali mstari mmoja tu. Hizo ndizo tasa. Swali lenyewe ni jinsi hizo kaidi zinavyojipanga zinapokuwa kubwa mno. Baada ya hapo aliendelea kueleza, mimi nikawa naitikia tu kwa heshima.

Jarida likishaikataa makala halipokei tena. Na yeye alikuwa amenitazama usoni siku alipoileta, akasema, "Dada, hii ikirudi, nachoma kila nilichoandika. Nitafundisha, nitalea watoto wangu, na namba tasa sitaki kuzisikia tena." Mdogo wangu hana mzaha kwenye mambo ya namna hiyo. Tukawekeana ahadi kwamba tangu siku hiyo hakuna kuulizana wala kuambiana. Nilitaka ikubaliwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe, na akili yote ilikuwa kwake nilipokuwa nikiitolea nakala. Je, nilihesabu nakala zilipotoka? Sikuhesabu. Miaka kumi na tisa nahesabu, siku ile sikuhesabu.

Miezi kumi na minne baadaye ikafika siku ya kura.

Makala alikuwa amepewa Mzee Dhahiri. Jina hilo nilimpa mimi, ofisi nzima ikalichukua, naye analijua na analipenda. Ana miaka sabini na moja, amefundisha nusu ya maprofesa wa nchi, na mwandishi akithubutu kuandika "ni dhahiri kwamba" Mzee anatoa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: KWA NANI? Lile swali la namba tasa alilihangaikia miaka thelathini bila kuambulia kitu. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutolitaja mbele yake.

Siku hiyo aliingia mkutanoni bila tai, shati limekosewa vifungo. Wahariri ni wanne. Mhariri Mkuu, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kulaza mtoto, alifungua kikao. Mimi nilikaa pembeni na kitabu cha kumbukumbu, kwa sababu kila kinachoandikwa ubaoni nakinakili, alama kwa alama, nisizojua hata moja ina maana gani.

"Makala hii," alianza Mzee Dhahiri, "imeandikwa na mtu mwenye kiburi."

Kalamu ikanikwama.

"Wazo lake ni jipya kabisa. Sijawahi kuliona. Ukurasa wa kwanza mpaka wa kumi na sita, safi kama maji. Halafu wa kumi na sita unaishia kwenye nukta, na wa kumi na saba unaanza: 'Kwa hiyo.' Kwa hiyo nini? Katikati pana korongo, jamani! Ameliruka! Hata 'ni dhahiri' hakuandika. Ameona ni dhahiri mno hata kusema kwamba ni dhahiri!"

"Basi tuirudishe," akasema Mhariri Mkuu.

"Ndivyo nilivyotaka. Nikaandika na barua. Halafu nikajiuliza, huyu mtu anaona nini hapa ambacho mimi sikioni? Kama yeye anaruka bila hata kukunja suruali, basi njia ipo. Siku kumi na moja sijalala sawasawa. Mke wangu amenihamishia sebuleni kwa sababu naongea na ukuta." Akachukua chaki. "Sasa tazameni."

Nimeshuhudia mikutano mingi pale, mingi ya kusinzia. Huu ulikuwa moto. Mzee aliandika, akafuta kwa kiwiko, akaandika tena. Saa moja ikapita. Mhariri mmoja, mrefu kama nguzo, alisimama bila kujijua akasogea ubaoni, wa pili akamfuata. Walimhoji, akajibu, wakamhoji tena, akawafokea. Mimi nanakili mbio mbio, jasho linanitoka kana kwamba ni mimi ninayethibitisha. Saa ya pili ilipokaribia kwisha, Mzee alifika pembe ya chini kabisa ya ubao, akapiga mstari, akageuka. Uso mzima ulikuwa mweupe kwa chaki.

"Ni kweli," akasema. "Jamani, ni kweli. Swali limekwisha."

Yule mrefu akapiga ukelele ambao sikujua profesa anaweza kuupiga. Mhariri Mkuu akasahau upole wake, akagonga meza kwa ngumi. "Mwandishi ataambiwa aongeze hatua hii," alisema, "mradi makala yenyewe imesimama. Karani, karatasi za kura!"

Nilikwenda chumba cha fotokopi nikiwa sioni ninapokanyaga. Furaha ilikuwa imenijaa, lakini humo humo na hasira inanichemka. Kiburi? Mdogo wangu? Mtu anayewaamkia mpaka wanafunzi wake? Kuruka korongo? Huyo haruki hata foleni ya maji! Nikabonyeza mashine. Ikameza karatasi mbili, ikalia, ikagoma. Nikafungua mlango wa mbele, hamna kitu. Nikafungua kifuniko cha nyuma, kile ambacho fundi peke yake hukigusa, nikapenyeza mkono.

Ikatoka karatasi iliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Juu yake jina la mdogo wangu, na pembeni namba: 17.

Ndipo nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Mashine ilikuwa imeumeza ukurasa, nami nikaandika namba zangu za penseli mfululizo bila kuhesabu, na wa kumi na nane ukawa wa kumi na saba. Korongo lile nililichimba mimi.

Mtu mwenye akili angekaa kidogo afikiri. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, kwamba mdogo wangu ametukanwa na ushahidi ninao mkononi. Nikachana ule ukanda wa juu wenye jina, nikautia mfukoni, nikarudi mkutanoni karibu nakimbia, nikaubandika ukurasa mezani kwa kofi.

"Hakuruka!" nikasema. "Mwandishi hakuruka kitu. Mashine ndiyo iliyomeza, na kosa ni langu. Hatua yenu hii hapa, aliiandika mwenyewe!"

Mzee Dhahiri aliruka kama kijana. "Lete! Lete nione alipitia wapi!" Akaunyoosha ukurasa juu ya goti, akasoma akitabasamu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Tabasamu likaanza kupungua. Akarudi juu. Akasoma tena kwa kidole.

"Mstari wa tisa," akasema taratibu. "Amegawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri."

Hata mimi najua kwa sifuri hakugawanywi. Mdogo wangu anawakataza watoto wa kidato cha kwanza kila mwaka, na ameliandika kosa hilo hilo kwa mkono wake mwenyewe, amelificha kwenye alama nyingi hata asilione.

Nilitamani sakafu ifunguke. Ningeuacha ukurasa ule kwenye tumbo la mashine, makala ingepita kwa shangwe. Nimeutoa kwa mkono wangu, kwa mdomo wangu, kwa hasira zangu.

Mhariri Mkuu alivua miwani. "Tunahukumu kilichoandikwa na mwandishi," alisema, "na alichoandika kina pengo. Uthibitisho ulio ubaoni ni wa Mzee." Akamgeukia. "Miaka thelathini, Mzee. Ukiuandika kwa jina lako, hapa hakuna atakayekulaumu. Wazo la mwandishi utalitaja, lakini jibu ni lako."

Sote tukamtazama. Mzee alitazama ubao muda mrefu. Kwa kweli nilimchukia wakati ule, kwa sababu nilijua mimi ningejibu nini.

Akaokota kifutio. Akaanza pembe ya juu kushoto, akafuta safu baada ya safu, polepole, mpaka chini, na vumbi likamjaa nywele.

"Barua iende leo," akaniambia. "Ukurasa wa kumi na saba, mstari wa tisa, pana pengo. Apewe siku sitini. Asiambiwe lingine. Na kitabu chako kifungie."

Nikaandika barua ile mwenyewe, kwa mdogo wangu mwenyewe, nikaanza na "Ndugu Mwandishi". Kitabu nikakifungia kabatini. Kisha nikaishika ahadi yetu, sikupiga simu wala kwenda kwake. Siku zikaenda, ya kumi, ya ishirini, ya arobaini. Nikawa natoa nakala na kuzihesabu mara nne nne kama mwendawazimu.

Siku ya hamsini na mbili, Jumamosi, wifi yangu akapiga.

"Wifi, njoo umwone ndugu yako," alisema. "Mimi yamenifika hapa. Hali chakula, hanyoi, juzi kavaa viatu viwili tofauti kaenda kazini. Nikimuuliza ananiambia pengine si kweli. Nini si kweli? Hajibu."

Nililala na neno hilo. Jumapili, kabla ya kwenda kwake, nikapitia ofisini, nikafungua kabati, nikakitia kitabu cha kumbukumbu kwenye mkoba. Sitaki kujitetea. Nilijua ninachofanya, na nilijua kazi yangu ya miaka kumi na tisa imo ndani ya mkoba huo huo.

Nilimkuta sebuleni, mchana kweupe, mapazia yamefungwa. Karatasi mezani, kitini, sakafuni, mpaka juu ya runinga. Alikuwa amekonda shingo. Hakuniamkia, na kwetu hilo si jambo dogo.

"Nilikuwa naziba," akasema, kama tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Wiki tatu naziba. Haizibiki. Sasa wiki ya tano natafuta mfano wa kuipinga. Labda kitu chenyewe ni uongo, Dada. Labda miaka tisa nimekuwa nikithibitisha uongo. Asubuhi naziba, mchana nabomoa. Sijui hata nashika upande gani."

Nikafungua mkoba, nikakiweka kitabu mezani mbele yake, juu ya makaratasi.

"Imo humu," nikasema. "Hatua yote. Soma."

Alikitazama kitabu. Akakitambua, maana muhuri wa Jarida uko kwenye jalada. Mkono wake ukaenda mpaka katikati ya meza, ukasimama hapo. Kisha akanyanyua uso, na macho yake yalikuwa yamebadilika kabisa.

"Imo humu?" akauliza.

"Nimekwambia imo."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Soma basi, usinichoshe..."

"Dada! Ni kweli! Kuna mtu amepita!" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Haina haja ya kubomoa! Haibomoki! Kumbe nilikuwa napoteza wiki tano, ee Mungu wangu, ni kweli!" Akakikamata kitabu bila kukifungua, akakisukuma kifuani kwangu, akanishika mabega akanigeuza kuelekea mlangoni. "Toka. Ondoka nacho. Usiniambie neno lingine, hata moja, hata amepitia kushoto au kulia. Toka, Dada, nakupenda, toka!"

Mlango ukafungwa nyuma yangu. Wifi alikuwa uani anaanika nguo, akanitazama nimesimama na kitabu nimekikumbatia, nacheka na machozi yananitoka, akauliza kama tumegombana. Nikamwambia ampikie, safari hii atakula.

Siku ya hamsini na nane bahasha ikafika ofisini. Kurasa mbili na nusu. Nikazihesabu mara nne, nikakata vichwa, nikampelekea Mzee Dhahiri. Hakungoja kuingia ndani. Alisoma kwenye korido, amesimama, amejiegemeza ukutani, watu wanapita wanamkwepa.

Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Mara ya pili alianza kucheka.

"Hii si ya kwangu!" akasema. "Mimi nilizunguka mlima mzima, huyu kachimba katikati! Kurasa mbili na nusu! Mimi ubao mzima! Karani, unaona? Hii ni nzuri kuliko ya kwangu, nzuri mno!" Alikuwa akinipiga begani na karatasi zile, na mimi nikawa sijui niruke au nilie.

Lakini nisingeweza kuishi na siri ya kile kitabu.

"Mzee, naomba nikwambie jambo kabla ya kura. Mwandishi namjua."

"Usiniambie ni nani."

"Sikwambii. Ila nilimpelekea kitabu cha kumbukumbu. Nilikiweka mbele yake."

Kicheko kikakatika. "Alikisoma?"

"Hakukifungua. Alinifukuza."

"Ulimwambia nini? Neno kwa neno."

"Nilisema imo humu. Basi."

Mzee alijishusha taratibu mpaka akakaa kwenye ngazi, ngazi ile ya simenti, na suruali yake ya mkutano. Mimi nikabaki nimesimama mbele yake nangoja kufukuzwa kazi.

"Miaka thelathini," akasema, "hakuna aliyeniambia hivyo. Siku naziba, siku nabomoa. Kisha zikanijia kurasa za huyu bwana, nikadhani yeye anaona ni dhahiri, nikaweza kwa siku kumi na moja. Unaelewa? Sikuwa na akili zaidi ya jana yake. Nilijua tu kwamba ipo." Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. "Alinipa hicho bila kujua. Wewe umemrudishia. Mengine nitamweleza Mhariri Mkuu mwenyewe, na ukinikatalia nitagombana na wewe."

Alimweleza, mlango umefungwa, dakika ishirini. Nikaitwa, nikapewa barua ya onyo kali, ninayo mpaka leo na ninastahili. Kura zikapigwa na wote wanne: zote ndiyo.

Nilimpigia mdogo wangu palepale, nikijua yuko darasani, na nikijua simu darasani ni mwiko. Akapokea.

"Imepita," nikamwambia. "Zote nne."

Nikasikia kitu kikianguka, meza sijui, kisha mdogo wangu, mpole yule asiyeinua sauti, akapiga ukelele uliotetemesha simu, na nyuma yake watoto arobaini wakalipuka kushangilia kwa nguvu zote, bila hata mmoja wao kujua wanashangilia nini.